Mwandishi wa safu ya Kiingereza atafute mfano mwingine

Mhariri,

Asalaam aleikum, au habari za kazi, kwa vyovyote mnavyosalimiana huko chumba cha habari.

Naandika kuhusu ile safu yenu ya kuwaeleza wanafunzi maneno magumu ya Kiingereza. Mjukuu wangu yuko kidato cha tatu, huikata na kuibandika kwenye daftari, na hupenda kunisomea kwa sauti wakati mimi nakata vitambaa. Juzi neno lilikuwa depravity. Safu ikasema maana yake ni upotovu mkubwa wa maadili, kuoza kwa tabia. Hapo sina ugomvi. Kisha ukaja mfano wa sentensi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili: mavazi ya wasichana wa leo yanaonyesha upotovu huo. Pembeni mkaweka picha ya binti, kapigwa kwa mgongoni, sketi imeishia juu ya goti.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Ile sketi nimeitazama kwa jicho la kazi. Imekatwa vizuri, pindo limelala, zipu haikuvimba. Aliyeishona anaijua kazi yake, na nyinyi mmempa yeye na aliyeivaa neno ambalo wenye lugha hawalitoi ovyo.

Mjukuu akaniuliza, "Bibi, kwa hiyo na wewe umo?" Nikamtuma akamwite Mzee.

Huyo Mzee ni jirani, karani mstaafu wa mahakama, ana kamusi nene kama tofali na Kiingereza cha sheria, kile cha kukohoakohoa. Aliisoma safu yenu akiwa amesimama mlangoni, akavua miwani, akasema, "Bi Fundi, huyu kijana wa gazeti neno amelipata. Mtu ndiye aliyemkosea."

Akanieleza. Asili yake ni Kilatini, pravus, kitu kilichopinda, kilichokwenda kombo. Katika sheria za Marekani kuna aina ya mauaji inayoitwa kwa neno hilo, mauaji ya moyo uliopotoka: mtu hakupanga kumuua fulani, lakini anafyatua risasi kwenye nyumba anayojua ina watu ndani, asijali nani atakufa. Kuna na neno nduguye, turpitude. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inalo tangu 1891, na mgeni akipatikana na kosa la aina hiyo anaweza kuzuiwa mlangoni au kurudishwa kwao. Mwaka 1951 Mahakama ya Juu ya kule iliamua kesi ya mzaliwa mmoja wa Italia aliyekula njama ya kukwepa kodi ya pombe kali. Majaji watatu walipinga, wakisema neno lenyewe halina mipaka inayoeleweka. Sita wakashinda: kuidanganya serikali kodi yake ni uovu wa tabia, hauna mjadala. Mimi nilidhani pombe ndiyo iliyomponza. Mzee akacheka. "Pombe ilikuwa halali, Bi Fundi. Kodi hiyo."

Nina mteja mwingine, mchungaji, huniletea majoho yake niyashone kwapani, maana anahubiri kwa mikono. Siku aliyofuata joho lake gazeti lilikuwa bado liko mezani. Naye akasema wafuasi wa Calvin, yule mwanamatengenezo wa Kanisa wa zamani, wana fundisho linaloitwa kwa neno hilohilo, lililowekwa sawa kwenye mkutano wao wa Dort, Uholanzi, 1618 hadi 1619. Maana yake ni kwamba kila sehemu ya binadamu imeguswa na dhambi, akili yake, utashi wake, moyo wake, na hakuna aliyebaki nje, awe mchungaji au mwizi wa kuku. "Kwa hesabu hiyo," akasema, "picha ingeweza kuwa ya mhariri mwenyewe." Hayo ni maneno yake, si yangu.

Tuache ya ugenini. Kwetu je?

Nilipokuwa msichana hapa Tanga, fisadi alikuwa mtu wa mtaani. Ana baiskeli inayong'aa, ana manukato, na anajua mume wa nani yuko safarini mashamba ya mkonge. Akipita uani, akina mama wanawaita mabinti ndani. Basi mwaka 2007, mwezi Septemba, Dokta Slaa, mbunge wa upinzani, aliposimama Mwembe Yanga, Temeke, akasoma orodha ya mafisadi, na redio ikawa mafisadi asubuhi, mafisadi jioni, bibi mmoja wa Makorora aliyekuja kupima gauni akaniuliza, tena hana mzaha: "Huyo EPA ni mke wa nani?" Tulicheka mpaka uzi ukakatika. EPA ilikuwa akaunti ya madeni ya nje pale Benki Kuu, iliyochotwa Sh133 bilioni.

Lakini bibi yule hakuwa mbali. Fasadi, neno la Kiarabu lililotuzalia fisadi na ufisadi, ni kuharibika, kuharibika kokote. Katika Surat Rum, aya ya 41, tunaambiwa ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yale yaliyotendwa na mikono ya watu. Baharini sisi wa Tanga tumeuona kwa macho yetu, pwani hii imepigwa baruti miaka na miaka mpaka matumbawe yakawa kifusi. Mikono ndiyo iliyotajwa pale, Mhariri. Magoti sikuyaona.

Nieleze kidogo habari ya kazi yangu. Sisi mafundi wengi paterni tunakata kwa magazeti ya zamani, kwa hiyo ndani ya boksi langu kuna kola, mabega na viuno vya magazeti, na kila ninapobana pini nasoma. Paterni yangu ya mkono wa gauni la harusi ni ya Februari 2008, waziri mkuu kajiuzulu kwa ajili ya mkataba wa umeme wa Richmond. Ya kola ni ya Aprili mwaka huohuo, waziri mmoja kaulizwa habari ya fedha zake zilizoko kisiwa cha Jersey, zaidi ya dola milioni moja, akaziita vijisenti. Ya kiuno, ile ya wanene, ni ya 2014, mabilioni yaliyochotwa akaunti ya Escrow, ya umeme nayo. Nimezisoma mara nyingi kuliko aliyeziandika. Na humo nakutana na "sakata", "utata", "ubadhirifu", "kutofuata taratibu za manunuzi". Neno maadili nalikuta pia, ila kwenye kurasa za katikati, karibu na picha za tamasha na mashindano ya urembo, na kabla yake pana "mmomonyoko".

Wizi tumezoea kuupa majina ya jikoni na ya heshima. Hongo ni chai, ni kitu kidogo. Mwaka 2000 Bunge liliiingiza takrima kwenye sheria ya uchaguzi. Takrima, neno letu la pwani la kumkirimu mgeni aliyekuja na vumbi la safari, likageuka kuwa pilau na kanga za mgombea. Kanga hizo zilipita mtaani kwetu, nyingine nililetewa kupinda. Mahakama Kuu ikaja kuvifuta vifungu hivyo mwaka 2006. Pilau yenyewe sijui nani aliifuta.

Sasa hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo penye shina.

Bi mkubwa aliyenifundisha kushona, Mungu amrehemu, mwaka 1968 alikuwa Dar es Salaam. Mwezi Oktoba Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, ukatangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, vimini, mawigi, suruali za kubana na krimu za kung'arisha ngozi ni marufuku. Hata tarehe yenyewe haijafika, wasichana walikuwa wanazomewa na kushambuliwa barabarani. Alisema mwisho wa mwaka ule hakushona kitu kipya. Alikuwa anafumua mapindo tu, kushusha sketi za wasichana wa maofisini, na pindo lisipotosha anaunga kipande chini, rangi isilingane, mradi goti lifunikwe. Alikuwa akihadithia anacheka, lakini akifika kwa wale waliomletea nguo zimechanwa, alikuwa anaacha kucheka na kushika kazi.

Mwaka uliotangulia, tarehe 5 Februari 1967, lilitangazwa Azimio la Arusha. Mle mlikuwa na miiko. Miiko ya viongozi! Neno tulilolizoea kwa mwanamke mwenye mimba na kwa mtoto wa jando, akapewa waziri: asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na mwana-TANU yeyote alikuwa na ahadi yake, rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa. Wazee wa hapa Ngamiani wanaisema mpaka leo bila kukwama, pamoja na ile ya cheo ni dhamana.

Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa Zanzibar ikailegeza ile miiko. Kiongozi akaruhusiwa hisa, akaruhusiwa nyumba ya kupangisha, akaruhusiwa mapato zaidi ya moja. Huenda walikuwa na sababu zao, hali ya uchumi ilikuwa imebadilika na mshahara mmoja ulikuwa hautoshi mtu. Sibishani na hilo hapa. Ninachosema ni kwamba sikusikia kikao chochote, Zanzibar wala kwingine, kilichokaa kulegeza ya sketi. Ya waziri ikalegezwa, ya binti ikabaki imekaza, na kila mwaka anatokea mtu wa kuikaza zaidi.

Haki isemwe, mwaka 1995 Bunge lilitunga Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Kiongozi anatakiwa kutamka mali zake na madeni yake, na kuna Sekretarieti ya kupokea matamko hayo. Ndiyo sheria ninayoijua yenye maadili kwenye jina lake, na inachotaka kujua ni mtu ana nyumba ngapi na viwanja vingapi. Mwandishi wenu angeanzia huko angepata mifano ya kumtosha mwaka mzima.

Msinielewe kuwa mimi sioni. Binti akiniletea kitambaa akataka mpasuo ufike pale anapotaka ufike, namwambia mwanangu, mpasuo huo kwangu hautoki, wapo vijana kule sokoni watakukatia. Na namwambia sababu. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa jambo hilo, na yote yana ukali wake: huna haya, huna soni, utovu wa adabu, ulimbukeni. Mama yangu aliniita sina soni kwa kuvaa kaptula ya kaka yangu, na neno lile lilinitosha mpaka Idi. Hakuniita nimeoza. Angeniita hivyo kwa kaptula, mwizi wa michango ya msiba angebaki amwiteje?

Sasa nije kwa binti mwenyewe, maana hasa yeye ndiye aliyenishikisha kalamu.

Nina mwanafunzi wa kushona, alimaliza kidato cha nne, ana mkono mwepesi kuliko wangu nilipokuwa umri wake. Mikopo ya halmashauri mnaijua, asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, watu wakangoja, baadaye ikarudi. Huyu binti na wenzake wakaunda kikundi wapate cherehani za umeme. Fomu yao ilihitaji saini na muhuri wa mtu mmoja katika ofisi moja, sitaitaja. Yule afisa akaisoma, akamtazama, akasema hili si la kuongelea hapa, njoo jioni. Akataja mahali.

Hakwenda. Basi fomu ikaanza maradhi. Leo imepungukiwa nakala ya kitambulisho, kesho muhtasari wa kikao hauna sahihi ya mweka hazina, keshokutwa yenyewe haionekani. Awamu ile ikawapita.

Aliposimulia kwenye kikao chetu cha akina mama, na ilimchukua muda kusema, mama mmoja mtu mzima, anayeheshimika, anayeswalisha wenzake tarawehe, akamuuliza: "Ulikuwa umevaa nini, mwanangu?"

Nilijibu mimi, kwa sababu gauni nililishona mimi. Kitenge, mikono mirefu, bitana ndani, urefu inchi 56 kutoka begani, na yeye si mrefu, linafagia kisigino. Kichwani mtandio. Nikawaambia anayetaka kuhakikisha aje, paterni ninayo.

Kikao kizima kikatazama mkeka.

Mzee wangu wa mahakama aliponisikia akanionyesha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. Mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe huduma, ajira au upendeleo ametenda kosa la rushwa. Kwa hiyo yule fisadi wa uani aliyekuwa na baiskeli na fisadi wa ofisini mwenye muhuri, sheria imewaweka kwenye kifungu kimoja. Nilimwambia binti twende TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, nitakaa nawe. Akasema, "Mama, kesi ikisikika mtaani, mimi nitaolewa na nani?" Sikumlazimisha. Ni wa kwake huo uamuzi, na mimi sina wa kumwahidi kuwa mtaa utakaa kimya.

Yule mama aliyeuliza swali si mbaya. Msiba ukitokea ndiye wa kwanza kufika na sufuria. Lakini yeye ni msomaji wa magazeti, na akichoka macho husomewa na wanawe. Kila alipokutana na maadili humo alikutana na picha ya binti, mgongo, goti. Sasa binti wa kweli amekaa mbele yake anasema ametakwa ngono kwa muhuri, atauliza nini kingine? Ameuliza alichofundishwa na picha. Na mjukuu wangu mwenye daftari lake la kubandika, wa kiume huyo, anafundishwa lilelile, sasa kwa Kiingereza, tena atalijibia mtihani. Kesho ndiye atakayekalia kiti chenye muhuri.

Ninaloomba si kubwa. Mwambieni mwandishi wa safu, mwanangu huyo, arudie neno lilelile wiki ijayo na sentensi nyingine. Kama amekosa ya kutunga namsaidia: "Afisa aliuficha muhuri mpaka msichana akubali kuja jioni, na huo ndio depravity." Kiingereza chake ataking'arisha mwenyewe. Ya pili, kama nafasi ipo: mtu aliyekula fedha ya dawa za zahanati huku akijua wodi ina watoto. Hiyo inakaribiana na ile ya Wamarekani ya kufyatua risasi kwenye nyumba yenye watu, Mzee amenithibitishia. Na picha, kama hamwezi kukaa bila picha, wekeni meza na muhuri. Binti msimweke, hata wa mgongoni.

Najua barua ndefu mnazikata. Hata mimi nakula kwa kukata. Mkikata, anzeni na Calvin, mkifika mbali ondoeni Wamarekani na kanga za takrima, hata 1968 ikibidi. Gauni la binti liacheni na inchi zake zote.

Fundi Cherehani,
Ngamiani, Tanga